Idhini ya Mwandishi na Uhai wa Pili wa Kitabu cha Forth

Mwaka 1984 matbaa ya Prentice-Hall ya Marekani ilitoa kitabu cha Leo Brodie kiitwacho Thinking Forth, ambacho madhumuni yake hayakuwa kumfundisha mwanafunzi kanuni za lugha moja ya kompyuta tu, bali kumzoeza kuligawa tatizo kubwa katika sehemu ndogo zinazofahamika, kila sehemu ikapewa jina lake na kujaribiwa peke yake kabla ya kuunganishwa na nyinginezo. Mwandishi huyo alikwisha kupata sifa kwa kitabu chake cha mwaka 1981, Starting Forth, na wasomaji wakampokea tena kwa hamu.

Lugha yenyewe, yaani Forth, ilibuniwa na Charles Moore, aliyeitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuongoza darubini ya redio huko Kitt Peak, Arizona, wakati ambapo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa haba na kila neno la programu lilihitaji kustahiki nafasi yake. Lakini kumbukumbu ilipokuwa rahisi na lugha nyingine, kama C, zikatamalaki, soko la Forth lilipungua, na kitabu cha Brodie, ijapokuwa kilichapwa tena mwaka 1994, hatimaye kiliadimika madukani, hata aliyekihitaji akawa hana budi kutafuta nakala kuukuu.

Hapo ndipo ulipo mushkili wa vitabu vingi vya fani hii. Sheria ya hakimiliki, iliyowekwa ili mwandishi asidhulumiwe jasho lake, hudumu miaka mingi baada ya mchapishaji kukoma kuchapa, na katika muda huo msomaji hana pa kununua wala hana ruhusa ya kunakili. Mwenye kumfungulia msomaji njia ni mwenye haki peke yake, na Brodie aliifungua mwaka 2004, alipoidhinisha kitabu chake kitolewe kidijitali chini ya leseni ya Creative Commons, kwa masharti matatu: mwandishi atajwe, kazi isifanyiwe biashara, na atakayeibadili aitoe kwa masharti yaleyale.

Idhini, hata hivyo, haichapi kitabu. Wapenzi wa Forth walijitolea kuyapanga upya maandishi yote kwa programu ya LaTeX, kazi iliyodai umakini usio wa kawaida, kwa kuwa katika lugha hii alama ambazo kwingineko ni za uandishi tu huwa ni amri kamili. Nukta huiamuru kompyuta ionyeshe namba, mkato huiweka namba katika kamusi ya programu, na alama ya mshangao huihifadhi mahali palipotajwa. Mtu akiandika 2 3 + . kompyuta hujumlisha na kuonyesha 5. Nukta ikipotea, jibu hubaki ndani bila kuonekana. Na nafasi iliyopo baina ya 2 na 3 ikifutika, hupatikana 23, na amri ya kujumlisha hukosa mwenziwe wa kujumlishwa naye. Mhariri wa riwaya aweza kusamehewa nukta moja, lakini mhariri wa kitabu cha namna hii akiipoteza humpotosha mwanafunzi aliyemwamini.

Wala jitihada hiyo haikutumika kuhifadhi elimu iliyokwisha kazi. Mwaka 2014 chombo cha angani cha Philae kilipotua juu ya nyotamkia iitwayo 67P, kompyuta zake zilikuwa na vichakataji vya RTX2010, vilivyosanifiwa kwa ajili ya Forth. Na ile hekima ya kuligawa tatizo, iliyo kiini cha kitabu, humfaa mwandishi wa programu katika lugha yoyote.

Fauka ya hayo, leseni ile imewapa wasomaji haki ambayo toleo la karatasi halikuwapa kamwe: kijana wa Mombasa au Dodoma aweza leo kukisoma kitabu hicho bila malipo, na akitaka kukitafsiri kwa Kiswahili, mradi ayatimize masharti, hana haja ya kubisha hodi kwa mtu. Basi kila mwandishi wa elimu, kabla ya kutia sahihi mkataba unaomkabidhi mchapishaji haki za kitabu, na asharutishe kwamba siku kitabu chake kitakapokoma kuchapwa, haki zake zimrejee yeye, ili awe na uwezo wa kuwapa wasomaji kile ambacho soko limewanyima.