Lisosomu na ugonjwa wa Alzheimer
Seli ya neva iliyokomaa haigawanyiki, hivyo taka zake husagwa humo humo, ndani ya lisosomu: vifuko vya asidi alivyovieleza Christian de Duve mwaka 1955. Mwaka 2022 timu ya Ralph Nixon, New York, ilionyesha kwa panya kwamba asidi hiyo hupungua na vifuko kufurika kabla madoa ya protini ya amiloidi, alama ya Alzheimer, hayajaonekana nje ya seli. Iwapo ndicho chanzo cha ugonjwa kwa binadamu, wataalamu bado wanabishana.

Hata hivyo, katika wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, kwenye ufugaji wa nguruwe, si kila mzee anayesahau ana Alzheimer. Lava wa tegu wa nguruwe walioingia ubongoni, tatizo lililochunguzwa sana Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huleta kifafa, pengine hata kupotewa kumbukumbu. Tatizo hilo mara nyingi hutibika.