Karai la Samaki Mwaloni

Atakaye kuijua taarikhi ya Mwanza aghalabu huonyeshwa vilima vya kando ya maji ya Ziwa Victoria ambayo Mwingereza Speke aliyaona tarehe 3 Agosti 1858, akaonyeshwa mahali walipoweka Wajerumani kituo chao mwaka 1892, na reli iliyofika kutoka Tabora mwaka 1928. Na mambo hayo yote yastahili kukumbukwa. Lakini iko taarikhi nyingine, isiyo na sanamu wala kibao, nayo ni ya watu, wengi wao wanawake, wanaoketi nyuma ya karai la mafuta ya moto karibu na mwalo, wakakaanga samaki na kumfungia mpita njia katika karatasi pamoja na chumvi na pilipili.

Kabla ya mji kukua, Wasukuma, Wakerewe na Wajita walikula samaki majumbani mwao, ama wa kuchemsha, ama wa kubanika, ama furu waliokaushwa kwa jua. Na chakula cha kununua kikiwa tayari hakikuhitajiwa sana, maana kila mtu alikuwa na jiko la kwao. Reli na meli ndizo zilizokusanya bandarini makuli, mabaharia na vibarua walio mbali na jamaa zao, na penye mtu mwenye ujira na njaa, asiye na jiko, hapakosi wa kumpikia. Samaki aliyesifiwa zama hizo alikuwa ngege; walakini nyavu za kutega, zilizoletwa ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, zilimwandama hata Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, akahadharisha kuwa anapungua.

Katika miaka ya 1950 walitiwa ziwani samaki wageni, sato na sangara, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 sangara akawa amelijaza ziwa, ilhali furu wa aina nyingi mno wametoweka. Ndipo mapishi yalipobadilika kwa dhati, kwa kuwa sangara, kwa ukubwa wake na wingi wa mafuta yake, hakubali kuanikwa juani kama furu. Sharti abanikwe kwa moshi au akaangwe, na wapishi wakajifunza kuyayeyusha mafuta yake na kumkaanga kwayo.

Kisha, katika miaka ya 1990, viwanda vya minofu vikaenea Mwanza. Mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, yaani mapanki, ambayo wenzetu wa Kisumu huyaita mgongo wazi, ikabaki kwa maskini. Hao wakaangaji waliyapokea yaliyobakizwa na matajiri wakayafanya kitoweo cha watu wasioweza tena kumnunua samaki mzima wa ziwa lao wenyewe. Na mwaka 1999, Jumuiya ya Ulaya ilipopiga marufuku samaki wa ziwa kwa hofu ya sumu, ulimwengu ulihesabu hasara ya viwanda. Hasara na subira ya mama wa karai hazikuhesabiwa.

Dhuluma hii ya kumbukumbu haikuanzia Mwanza. Huko Kasenga katika Kongo, ukingoni mwa mto Luapula, zama za ukoloni Wayunani walifanya biashara kubwa ya kununua samaki na kuwapeleka kwa malori Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakale wachimba shaba wa Katanga, na majina yao yamo vitabuni. Bali waliowapika samaki hao hawatajwi. Kalamu humfuata amsafirishaye samaki mbali, ikamsahau amtiaye mtu tonge kinywani hapo hapo alipo.

Insafu yataka tuseme kwamba mkaangaji wa mwaloni ameulisha mji huu katika kila badiliko la ziwa, kwa ngege, kwa sato, kwa sangara, kwa mapanki na kwa dagaa wavuliwao kwa taa usiku wa giza. Basi wenye mamlaka, wanapolipanga upya eneo la ufukwe, wamtengee mahali penye paa, maji safi na kivuli, wala wasimfukuze kana kwamba ni uchafu. Na wavuvi nao waliache kokoro lililokatazwa, kwani anayemvua samaki mchanga leo amemnyima mkaangaji kazi ya kesho. Na wewe msomaji, ukiwa na bibi aliyewahi kushika karai hilo, muulize habari zake na uziandike angali hai.