Utengenezaji wa Zumari katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Zumari, ambayo Wadigo huiita nzumari, ni ya ukoo mmoja na mizmari ya Waarabu, surnai ya Waajemi na shehnai ya India kaskazini, na kuenea kwake kutoka Lamu hadi Komoro ni ushahidi mmojawapo wa mahusiano ya kale ya watu wa Bahari ya Hindi. Ukoo huo hutambulika kwa ulimi maradufu, yaani ncha mbili nyembamba zilizolazwa pamoja, ambazo hufunguka na kufumba kwa kasi pumzi ipitapo kati yake.

Mwili wa chombo ni mti mgumu usio na nyufa, unaotobolewa kwa urefu wake wote, ukachongwa matundu ya vidole na kuishia kwa mdomo mpana unaotawanya sauti. Kazi hiyo yataka mkono wa fundi stadi, lakini mti ukishakamilika huweza kurithiwa na wajukuu. Ugumu wenyewe umo katika ulimi. Jani la jamii ya minazi na mivumo hukaushwa, hukunjwa, hufungwa kwa uzi kwenye kibomba chembamba cha madini, kisha hupunguzwa ncha kidogo kidogo, kwa kuwa likibaki nene halitetemeki, na likizidi wembamba hufumba kabisa likanyamaza. Hulowanishwa kwa mate kabla ya kupulizwa, na kwa sababu huchakaa upesi, mpulizaji hana budi kujua kujitengenezea jingine.

Chini ya ulimi hukaa kisahani ambacho mpulizaji hukikandamiza kwa midomo, hata ulimi wote ukawa ndani ya kinywa bila kubanwa. Mashavu yaliyojaa hewa huendelea kuisukuma nje wakati pua ikivuta nyingine, na kwa hiyo sauti haikatiki; nayo ni sauti kali, ipenyayo kishindo cha ngoma, jambo lililoifanya zumari ifae kwa michezo ya uwanjani kama kirumbizi cha Lamu na sengenya ya Wadigo.

Zumari iliyohifadhiwa katika kabati la makumbusho bila ulimi haiwezi kutoa hata sauti moja. Wenye dhamana ya kuhifadhi urithi wa pwani wanapaswa, kabla ya kukusanya miti, kuketi na wapulizaji wazee na kuandika namna jani linavyochaguliwa, linavyokunjwa na linavyokatwa.