Vidole vya Waliotangulia

Desemba 22, 1895, katika maabara yake ya Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen alimwomba mkewe, Anna Bertha, aweke mkono juu ya bamba la picha. Mifupa ya vidole ikaonekana, na pete ya ndoa juu yake. Habari zikaenea upesi, na kila aliyepata mtambo wa eksirei akatamani kuuona mkono wake mwenyewe.

Tamaa hiyo iligeuka desturi ya kazi. Mirija ya wakati huo haikuwa na nguvu thabiti, na vipimo vya kuaminika havikuwepo. Kabla mgonjwa hajaingia, fundi aliweka mkono wake kati ya mrija na kioo kinachong'aa, akatazama mifupa. Ikionekana vizuri, kazi inaanza. Alifanya hivyo kila siku, miaka nenda rudi. Ngozi ikawa nyekundu, ikakauka na kupasuka, kucha zikaharibika, vidonda vikagoma kupona. Wengi waliishia na saratani.

Clarence Dally, fundi wa Thomas Edison huko New Jersey, Marekani, alitumia mkono wa kushoto. Ulipoungua, akahamia wa kulia. Alikatwa yote miwili, akafariki mwaka 1904 akiwa na miaka 39. Edison aliachana na utafiti wa eksirei.

Radiamu, elementi inayotoa mionzi yenyewe, nayo haikuwa na huruma. Marie na Pierre Curie, waliotangaza ugunduzi wake mwaka 1898, waliishika kwa mikono mitupu hadi ncha za vidole zikawa ngumu na kuuma. Madhara kama hayo yalipozidi, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi iliundwa Stockholm mwaka 1928. Mwaka 1936, kwenye hospitali ya St. Georg mjini Hamburg, ulizinduliwa mnara wenye majina 169 ya waliouawa na kazi ya eksirei na radiamu.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya nyuklia, na historia hii naiona kuwa ya ukoo wangu. Dawa ya mionzi tunayoitumia zaidi ni teknishiami, inayotolewa kwenye mtambo mdogo uliobuniwa maabara ya Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo huandaliwa palepale hospitalini, kwa mikono ya mtu.

Chupa hukaa ndani ya chombo kizito cha madini ya risasi. Mkono wangu wa kulia huvuta dawa, wa kushoto hushikilia bomba la sindano. Hapo ncha ya kidole cha shahada cha kushoto huwa karibu na dawa kuliko kiungo kingine chochote cha mwili, na kwa mionzi ukaribu ndio kila kitu. Beji ya kupimia mionzi tunayovaa kifuani haiwezi kujua kinachokipata kidole hicho.

Ndiyo maana tunavaa pete ya kupimia. Kikomo cha mikono kwa mfanyakazi ni milisivati 500 kwa mwaka. Lakini hata pete hukaa kwenye shina la kidole, mbali na ncha. Mradi wa utafiti wa Ulaya ulioitwa ORAMED, wa mwaka 2008 hadi 2011, ulipendekeza kipimo cha pete kizidishwe mara 6 ili kukadiria sehemu ya mkono iliyopata mionzi mingi zaidi. Pete ikisoma 100, ncha huenda imepata 600, na kikomo kimeshavukwa huku karatasi ikionyesha salama.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba ngao ya kuvika bomba la sindano ndiyo kinga kubwa kuliko zote, na kwamba kufanya haraka hakuchukui nafasi yake. Naliweka wazi hili kwa vijana ninaowafundisha, kwa sababu ngao ni nzito, na foleni ya wagonjwa hushawishi mtu kuivua. Pete ivaliwe kidole cha shahada cha mkono usioandikia, upande wa kupimia ukitazama kiganja, chini ya glavu. Na wanaopanga bajeti za hospitali wanunue ngao za kutosha kabla ya kuongeza idadi ya wagonjwa, kwa sababu madhara ya mionzi kidoleni hayaumi siku unapoyapata, na yakianza kuuma hayarudi nyuma.