Michezo ya video Bunia: saa za watoto zinapotea bure?

BUNIA, Ituri – Kila likizo ya shule inapofika, swali moja hurudi katika mitaa ya Bunia na katika maeneo ya wakimbizi wa ndani. Mtoto anayeshinda mbele ya televisheni akiwa na manete ya PlayStation mkononi, au anayeinamia simu ya kaka yake mpaka betri inaisha, anapata nini? Wazazi wengi wana jibu tayari: anapoteza wakati. Kwa familia iliyoacha shamba lake Djugu au Irumu na sasa inaishi chini ya turubai, jibu hilo lina uzito wake. Franka za mechi chache zingenunua chumvi na sabuni. Saa mbili za kibandani zingetosha kwenda kuchota maji na kurudi.

Hata hivyo, jibu hilo ni fupi mno kwa jimbo lenye historia kama ya Ituri. Watu wa hapa walikuwa na michezo yao muda mrefu kabla ya umeme. Udongo wa jimbo hili na wa majirani zake umetoa madini yanayoingia ndani ya mashine za michezo. Tena Ituri imeshuhudia watoto wakinyang'anywa utoto wao, mpaka habari yao ikafika mbele ya majaji huko Ulaya. Tukiyatazama hayo matatu pamoja, swali la wazazi linapata sura nyingine.

Mchezo ulikuwa shule

Katika miaka ya 1950, mtafiti Mwingereza Colin Turnbull aliishi na Wambuti karibu na Epulu, katika teritwari ya sasa ya Mambasa. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1961 kinaeleza kwamba kila kambi ya msituni ilikuwa na uwanja wa watoto uliotengwa kando kidogo, ulioitwa bopi. Huko watoto walipanda miti, walibembea kwa kamba za msituni na kuigiza kazi za wakubwa. Hakuna mzazi aliyesema wanapoteza wakati, kwa maana mtoto aliyeshinda bopi alikuwa anajifunza mwili wake, anaujua msitu, na anazoea kushirikiana na wenzake. Siku alipoitwa kwenye uwindaji wa kweli, hakuanza kutoka sifuri.

Wakubwa nao walicheza. Mchezo wa mashimo na mbegu umeenea katika ukanda huu wote. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Waganda huuita omweso, na ulichezwa hadi kwenye makao ya Kabaka. Wanyarwanda huuita igisoro, na watu wa pwani huuita bao. Ubao wake una mashimo 32, na mbegu ni 64. Anayecheza vizuri huhesabu kichwani, hukumbuka mbegu za kila shimo, na hutazama hatua kadhaa mbele kabla hajainua mkono. Ni hesabu bila daftari. Wazee walioketi chini ya mti na ubao wao hawakuitwa wavivu, alimradi shamba lilikuwa limekwisha kulimwa.

Hapo tayari kuna kanuni: mchezo ulikuwa na mahali pake na saa yake, na ulimwachia mchezaji kitu.

Mashine inatoka maabara, inafika mtaani

Michezo ya kielektroniki ni mipya ukilinganisha na ubao wa mashimo. Mwaka 1958, mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi kwenye skrini ndogo ili kuwaburudisha wageni waliotembelea maabara ya Brookhaven, karibu na New York. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitoa Pong, ambao watu waliulipia kwa sarafu. Mwaka 1984, huko Moscow, Alexey Pajitnov alibuni Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka. Desemba 1994 PlayStation ya kwanza iliuzwa Japani, na Machi 2000 ikafuata PlayStation 2, ambayo baadaye iliuzwa kwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani.

Huku kwetu mashine hizo zilipokelewa kwa namna nyingine. Kitu ambacho Tokyo kilikaa sebuleni mwa familia moja, katika miji mingi ya Afrika kiliwekwa kibandani, na mtaa mzima ukakilipia mechi kwa mechi. Mwenye kibanda ana televisheni, ana jenereta au paneli ya jua, na watoto wana zamu. Ndiyo sababu kucheza hapa si kukaa peke yako chumbani. Kuna mchezaji, kuna anayesubiri, na kuna kumi wanaotazama na kutoa ushauri usioombwa. Wapo waliofahamiana hapo wakitoka makabila ambayo wazazi wao hawasalimiani tena. Lakini pia wapo walioanza kuweka franka juu ya mechi, wakaingia kamari kabla ya kuota ndevu. Kibanda ni kimoja, matokeo mawili.

Madini ya kwetu ndani ya mashine

Ndani ya simu, kompyuta au mashine ya michezo kuna vipande vidogo vya kutunza umeme vinavyotengenezwa kwa tantalumu, madini yanayopatikana katika koltani. Kuna pia dhahabu kidogo kwenye viunganishi, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu. Ituri inaijua dhahabu tangu mwaka 1903, watafutaji kutoka Australia walipoiona Kilo. Uchimbaji ulianza mwaka 1905 chini ya utawala wa Leopold, na vizazi vya wanaume wa Ituri vilipelekwa migodini kwa kulazimishwa.

Koltani ilikuja kwa kishindo baadaye. Mwishoni mwa mwaka 2000, simu za mkononi, kompyuta na mashine mpya za michezo zilipohitajiwa zote kwa pamoja, bei ya koltani duniani ilipanda mara kadhaa katika miezi michache. Wanaume waliacha mashamba Kivu wakaenda kwenye karyeri. Wengine waliingia hadi ndani ya Hifadhi ya Okapi, huko Mambasa, msitu ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1996. Makundi yenye silaha yaliweka vizuizi na kutoza kodi. Katika mwaka 2001 bei ikaporomoka, na waliokuwa wameacha jembe wakabaki mikono mitupu. Mwaka huohuo, Aprili, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti iliyoonesha jinsi majeshi na wafanyabiashara walivyochuma utajiri wa Kongo.

Waandishi wa nje wakaja na jina la "vita vya PlayStation". Jina hilo linavutia, lakini linapotosha. Vita vya Kongo vilianza Agosti 1998, mwaka mmoja na nusu kabla PlayStation 2 haijauzwa popote. Sehemu kubwa ya tantalumu ya dunia wakati huo ilitoka Australia. Na hapa Ituri, moto uliwaka mwaka 1999 kutokana na ugomvi wa mashamba huko Walendu Pitsi, ukachochewa na majeshi ya nje na tamaa ya dhahabu. Mtoto wa Japani aliyecheza mpira kwenye skrini hakuanzisha vita hivyo.

Hata hivyo, pesa za madini zilivirefusha vita. Ndiyo maana mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka kampuni kueleza kama bati, tantalumu, tungsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake. Kwa hiyo mchezo wa video unakula saa za watu wawili: saa za anayecheza, na saa za yule aliyeingia shimoni bila kofia ya chuma wala mkataba. Mtoto wa Bunia anaweza kuwa ameshika mkononi kipande kilichochimbwa na kaka yake.

Watoto ambao hawakucheza

Machi 14, 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na ilihusu Ituri. Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, alipatikana na hatia ya kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, mwaka 2002 na 2003. Julai mwaka huohuo alihukumiwa miaka 14. Miongoni mwa ushahidi uliotazamwa mahakamani ilikuwamo video iliyopigwa Februari 2003 katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia.

Kongo ilikuwa imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu mwaka 1990, enzi za Zaire. Kifungu cha 31 cha mkataba huo kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Watoto wa Rwampara walinyimwa haki hiyo kabla hata ya kunyimwa shule. Katika mchezo wa video, aliyepigwa risasi huamka tena na mechi huanza upya. Wao hawakuwa na mechi ya pili. Mzazi anayechukia michezo ya bunduki ana sababu yake, hasa katika nyumba ambamo mtoto amesikia risasi za kweli. Mchezo wa mpira au wa magari utamfaa zaidi mtoto huyo. Lakini mzazi anayesema kucheza kwenyewe ni upuuzi, akumbuke kwamba hapa petu walioonekana kuwa wakubwa mno kwa kucheza walipewa bunduki.

Kijana wa kambini na kompyuta ya mama

Si mbali na hapa, kaskazini mwa Uganda, Lual Mayen, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliishi kambini kwa zaidi ya miaka 20. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300, akamnunulia kompyuta. Umeme haukuwapo kambini, hivyo kijana alitembea saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Alijifundisha kuandika programu, akatengeneza mchezo aliouita Salaam, ambamo mchezaji anakuwa mkimbizi anayekimbia mashambulizi na kutafuta maji na chakula. Mwaka 2018 alitunukiwa katika sherehe ya tuzo za michezo ya video huko Marekani, nchi alikohamia.

Si kila mtoto atakuwa Mayen, na si vizuri kumdanganya mtoto kwamba kucheza tu kutamfikisha huko. Mayen hakufika kwa kucheza. Alifika kwa kuuliza mchezo unatengenezwaje. Tofauti ya mchezaji na fundi ndiyo hiyo.

Saa ngapi, na baada ya nini?

Wataalamu wa afya nao hawajasema jambo moja. Mwaka 2019, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliidhinisha orodha mpya ya magonjwa, ambayo imo pia hali ya mtu kushindwa kujizuia kucheza. Dalili zake zinaeleweka: mchezo unatangulia mbele ya chakula, shule na familia, na mtu anaendelea hata akiona unamwumiza. Mwaka 2021 China ilipunguza michezo ya mtandaoni kwa watoto hadi saa moja jioni ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu.

Upande mwingine, mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali ya Oxford, Uingereza, kwa watu 71 waliotoka kupata ajali za barabarani. Waliokumbushwa ajali kwa muda mfupi kisha wakacheza Tetris kama dakika 20 ndani ya saa chache, walisumbuliwa mara chache zaidi na picha za ajali katika wiki iliyofuata kuliko wasiocheza. Hilo halimaanishi simu ni dawa ya vita. Aliyeona nyumba yake ikiungua anahitaji watu, usalama na usingizi. Lakini linaonesha kwamba akili iliyojeruhiwa inaweza kupata nafuu kidogo inaposhughulishwa na kitu kingine, na familia za Kigonze zinajua usiku ulivyo mrefu.

Basi wazazi wanaweza kupima kwa maswali ya kawaida. Mtoto anacheza baada ya shule na kazi, au badala yake? Anacheza na wenzake, au anajificha? Franka zinazotoka ni za mchezo, au ni za kamari? Akimaliza, anaamka mwenye furaha, au mwenye hasira? Aliye nacho cha kusimulia na bado anakula, analala na kusoma, hajapoteza wakati. Aliyeacha shule kwa ajili ya kibanda ameupoteza, na wa kuulizwa ni pamoja na mwenye kibanda aliyepokea pesa zake saa nne asubuhi siku ya Jumanne.

Na katika maeneo ya wakimbizi wa ndani, kuna jambo la kufanya lisilohitaji jenereta. Yanapogawanywa maturubai na visima, igawanywe pia ardhi kidogo, iliyo wazi na salama, ambayo haitajengwa kibanda wala choo: uwanja wa mpira, wa nzango, wa kukimbia. Wambuti wa Epulu walihama mara kwa mara, na kila walipopiga kambi mpya, bopi ilikuwapo.