Hungary: Sheria ya fedha za kigeni na ulinzi wa asasi za kiraia

Mnamo tarehe 13 Juni 2017 bunge la Hungary, lililokuwa chini ya wingi wa wabunge wa chama cha Fidesz cha Waziri Mkuu Viktor Orbán, lilipitisha sheria kuhusu asasi zinazopata msaada kutoka nje. Asasi yoyote iliyopokea forint milioni 7.2 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya euro 20,000 wakati ule, ilitakiwa kujiandikisha mahakamani na kujitangaza kwenye tovuti na machapisho yake kuwa ni shirika linalosaidiwa na wageni. Wafadhili waliotoa kuanzia forint 500,000 walipaswa kutajwa. Shirika lililokaidi liliweza kutozwa faini, na hatimaye kuvunjwa. Vyama vya michezo, vya dini na vya jamii za walio wachache viliachwa nje ya sheria hiyo.

Serikali ilidai kuwa inatafuta uwazi na kupambana na utakatishaji wa fedha. Tume ya Venice, ambayo ni jopo la wataalamu wa katiba la Baraza la Ulaya, ilikubali kwamba lengo la uwazi laweza kuwa halali, ila ikaonya kuwa masharti yale yamepita kiasi.

Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya iliifikisha Hungary mbele ya Mahakama ya Umoja huo mjini Luxembourg. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuligundua. Mkataba wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya unatambua uhuru wa kujumuika katika kifungu cha 12, lakini huzifunga nchi wanachama pale tu zinapogusa sheria za Umoja. Njia iliyopatikana ilikuwa ya soko: msaada unaovuka mpaka ni mtaji, na usafirishaji wa mitaji ni huru. Kwa mlango huo wa fedha, haki ya kujumuika ikaingia mahakamani. Tarehe 18 Juni 2020 majaji waliamua kwamba sheria ile inabagua fedha za kigeni, inavunja faragha ya wafadhili na inajenga hali ya kutoaminiana, kwani inachukulia kila senti kutoka nje kuwa ya kutiliwa shaka.

Bunge la Budapest liliifuta sheria hiyo mwaka 2021. Miaka minne tangu kupitishwa kwake si muda mfupi kwa shirika dogo linalotegemea wafadhili wachache.

Wakenya watakumbuka muswada wa mwaka 2013 uliotaka kuzuia fedha za nje zisizidi asilimia 15 ya bajeti ya shirika. Wabunge wao waliukataa.

Nchini Hungary mvutano haukuishia hapo. Disemba 2023 iliundwa kisheria Ofisi ya Kulinda Mamlaka ya Taifa. Haina uwezo wa kutoza faini, lakini huchunguza na kuchapisha ripoti kuhusu inayemtaka, na ripoti hizo hazina rufaa. Tawi la Transparency International na tovuti ya habari za uchunguzi ya Átlátszó zilikuwa miongoni mwa walioandamwa mwanzoni. Halmashauri Kuu ilirudi tena Luxembourg mwezi Oktoba 2024.

Wafuatiliaji hawakosekani. Tangu mwaka 2020 Umoja wa Ulaya hutoa kila mwaka ripoti ya utawala wa sheria katika nchi wanachama. Shirika la CIVICUS, lenye makao yake Johannesburg, huzipanga nchi za dunia katika madaraja matano, na limeiweka Hungary katika daraja la kati, la nchi ambazo nafasi ya raia imewekewa vizuizi. Ripoti peke yake haisimamishi sheria, ingawa mawakili huibeba mahakamani kama ushahidi.

Mei 2025 uliwasilishwa bungeni muswada mwingine, ambao ungeziwezesha mamlaka kuorodhesha mashirika yanayodaiwa kuhatarisha taifa na kuyanyima asilimia moja ya kodi ya mapato ambayo Mhungary anaruhusiwa kuielekeza kwa asasi aipendayo. Maelfu waliandamana Budapest. Mwezi uliofuata kura iliahirishwa.