Trauma ya 1996

Sura ya pili ya tasnifu yangu ilianza kwa sentensi ya Kiingereza ambayo niliipenda sana: "The trauma of 1996 still lives in Bulyanhulu." Msimamizi wangu aliizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni: nani alimfanya nini nani?

Niliudhika. Trauma ni neno la kila siku kwetu. Hosteli ikikosa intaneti siku mbili, watu wanasema wamepata trauma. Nikaenda kulitafuta kwa hasira.

Asili yake ni Kigiriki: jeraha. Kiingereza kililichukua karne ya 17 kama neno la madaktari, na hospitalini bado ni hivyo. Daktari akiandika "head trauma" anasema kichwa kimeumia, hasemi huzuni. Treni ndizo zilizolitoa mwilini. Mwaka 1866 John Eric Erichsen, daktari wa upasuaji wa London, aliandika juu ya abiria waliotoka kwenye ajali za reli wakionekana wazima, kisha wasiwe sawa tena. Mwaka 1889 Hermann Oppenheim, Mjerumani, akaandika kitabu juu ya hali ya namna hiyo na kuiita "neurosis" ya kitrauma. Kilichonikamata hapa ni kwamba abiria hao walikuwa wakidai fidia. Tangu mwanzo neno hili lilikuwa na mlipaji upande wa pili.

Sasa kanuni. Trauma ni jeraha, si kisu. Tukio ni "traumatic", aliyeumia ni "traumatised" (Wamarekani wanaweka z). Najua kamusi zinaruhusu kuliita hata tukio lenyewe trauma. Lakini kwenye insha ya historia, ruhusa hiyo inammeza mtendaji.

Tazama nilichomeza mimi. Agosti 1996 serikali iliwaondoa maelfu ya wachimbaji wadogo Bulyanhulu ili kuipisha Kahama Mining, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Hilo halibishaniwi. Wanaharakati, wakiwemo wanasheria wa LEAT, walidai kuwa zaidi ya watu 50 walifukiwa hai mashimo yalipojazwa udongo. Serikali na kampuni zilikanusha. Barrick ikainunua Sutton mwaka 1999, na mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ikasema haikuona ushahidi wa madai hayo. Kuna jambo lililotokea na jambo linalobishaniwa, nami niliyafunga yote kwenye furushi moja lenye jina la hospitali. Aliyetoa amri hayumo. Aliyekanusha hayumo. Hata anayedai ndugu yake hakurudi, hayumo.

Nimeandika upya: "In August 1996 the government removed..." Inakwaruza kidogo, lakini ina mtendaji.

Neno trauma nililibakiza mahali pamoja, kwenye aya ya wanachobeba hadi leo walioondolewa. Msimamizi akazungushia tena: umemuuliza nani? Sikuwa nimemuuliza mtu. Vyanzo vyangu vyote ni ripoti, na ripoti haina kiwewe. Nimelifuta. Jumatatu napanda basi la Kahama.